Vikopo vya Bwana Afya

Bwana Afya alikuwa anasalimia choo kwanza, watu baadaye. Anaingia uani anasukuma baiskeli, hapigi hodi, hamtazami mtu, moja kwa moja nyuma ya nyumba. Tunasikia mlango wa choo unalia, halafu kimya, halafu kikohozi kidogo cha mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Ndipo anarudi mbele, anapangusa viatu kwenye nyasi, anavua kofia na kumwambia mama, "Habari za hapa, mama? Shimo linataka kifuniko."

Mama alikuwa anakasirika sana. "Baba huyu hana adabu hata chembe," alisema akishaondoka. "Mtu unakisalimia choo chake kabla ya yeye mwenyewe?" Lakini kifuniko kilitengenezwa, na wiki iliyofuata Bwana Afya alipita tena kukiangalia.

Sitaeleza alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Kwanza sijui. Pili nimechoka na habari za watu zinazoanzia kwa babu wa babu kana kwamba tunagawana mashamba. Nilimkuta pale kijijini, ndani ndani ukitoka Mwanza na kuipita Usagara, kwenye majabali yale yaliyopandana hadi nyumba zinaonekana zimewekwa baadaye kujaza nafasi. Alikuwa mtumishi wa serikali wa kukagua usafi, jina lake hatukulitumia, na mke wake naye tulimwita Mama Afya. Hata watoto wao, ambao walishaoa na kuolewa mbali, walipokuja likizo tuliwaita watoto wa Afya.

Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Akifika kwa mtu mwenye nyumba iliyofungwa alisimama mlangoni na kuuliza, "Nani kafunga hewa humu?" Akimkuta mama anaosha sahani haraka haraka alisema, "Mnaosha kwa macho au kwa maji?" Kichanja cha kuanikia vyombo kilikuwa kama dini kwake. Kila ua lilitakiwa liwe nacho, cha miti, kirefu kuliko mbwa, na kila chombo kilichoingia katika ua ule, kiwe chako au cha jirani, kioshwe na kuanikwa juani. Wanawake walimcheka, kisha wakamtii. Mimi mwenyewe leo, kwenye chumba changu cha kupanga Igoma, Mwanza mjini, bado ninayo meza ya kuanikia vyombo nje, na mwenye nyumba ananiona mshamba.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Bwana Afya alikuwa anavuta sigara. Anavuta sana, anavuta ndani, anavuta kitandani akisikiliza redio. Mama Afya alikuwa akikutana na wanawake kisimani anasema, "Anawakagua nyie moshi wa jikoni, njooni muone wa chumbani kwangu." Wanacheka wote, na yeye anacheka zaidi.

Na madirisha yake, yule mpigania hewa, aliyapigilia misumari. Kweli kabisa. Wezi walimchukulia redio kupitia dirishani, na alipopata nyingine akachukua nyundo. Ukimwuliza alikuwa anasema, "Haya ni ya muda tu." Muda huo ukawa miaka.

Nyumba yenyewe aliijenga akiwa bado ana nguvu: tofali za kuchoma, bati, sakafu ya sementi iliyong'arishwa. Chumba cha kulala alikiegemeza kwenye jabali, yaani ukuta wa nyuma wa chumba ni jiwe lenyewe. Aliokoa tofali, na chumba kikawa cha ubaridi hata mchana wa jua kali. Mama Afya alikipenda mno. Ndimo alimohifadhi mbegu zake za karanga, na wageni tuliingizwa kulishika lile jiwe kwa kiganja. "Sikia ubaridi," alikuwa akisema mumewe, na unaona kabisa furaha imemjaa usoni. Alizunguka kijiji kizima akiwahimiza watu wajenge kama yeye. Mama yangu ni mmoja wa waliomsikiliza, akaacha nyumba yake ya nyasi, akajenga ya bati chini ya jabali jingine.

Mama Afya alianza kukohoa mwaka ule mitumba ilipojaa Mwanza na sisi mafundi cherehani tukaanza kukunja mikono. Walikuja kulala kwangu Igoma ili wawahi hospitali mjini. Nilikwenda nao kwa sababu Mama Afya alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kushikwa. Picha ya kifua ilipigwa. Daktari, kijana mpole aliyeonekana hajalala, alisema si kifua kikuu, ni uvimbe kwenye mapafu, na umekwenda mbali.

"Mama anavuta?" aliuliza.

"Hajawahi hata kuonja," Bwana Afya alijibu.

"Anapikia ndani?"

"Jiko liko nje, na lina bomba la moshi. Nimelijenga mwenyewe."

Daktari alitikisa kichwa polepole. Halafu macho yake yakashuka kwenye mfuko wa shati la Bwana Afya, pale pakiti ilipokuwa imetuna, yakakaa hapo kidogo, yakarudi kwenye karatasi. Nami niliona, na Bwana Afya naye aliona.

Mama Afya alizikwa kabla ya mvua za vuli. Siku ya pili ya matanga mumewe alitoa pakiti mfukoni, akaitumbukiza kwenye moto wa waombolezaji, na sijamwona na sigara tena. Wazee walisema ni uchungu wa msiba. Muda mfupi baadaye serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akawa Bwana Afya wa bure. Bado alipita nyuani, bado alianzia chooni, ila sasa alisahau kutuambia alichokiona. Mama yangu alikuwa anamfulia na kumwoshea vyombo, maana vilikuwa vinajaa inzi, vyombo vya Bwana Afya, hebu fikiria.

Hapo ndipo walipokuja watu wa mradi mmoja wa utafiti na gari lao. Kiongozi wao alikuwa dada wa Kihaya, msomi, mnene kidogo, mwenye salamu ndefu na heshima zote. Alituambia kwenye mkutano kwamba katika mawe kama ya kwetu hutoka gesi inayoitwa radoni. Haina rangi, hainuki, hutaiona. Ukiwa nje inapeperuka na haina shida na mtu. Lakini inapanda kupitia nyufa za sakafu na kuta, na nyumba ikiwa imefungwa inajikusanya humo. Mtu akiivuta miaka na miaka, inaweza kumharibu mapafu.

Bwana Afya alisimama. Sauti yake kubwa siku hiyo haikuwepo.

"Inaweza kumuua mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara?"

"Inaweza, baba," alisema yule dada.

Bwana Afya akaketi. Nilikuwa nimekuja kumsaidia mama kupanda karanga, nilikuwa nyuma yake kwenye benchi, na nikaiona shingo yake inalegea kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akaomba kazi papo hapo. Ndiye atakayegawa vipimo nyumba kwa nyumba, kwa kuwa anajua kila mlango. Hakuuliza atalipwa nini. Jioni alikuja kwetu, akapita bila kuangalia choo, akamwambia mama, "Huenda ni jiwe. Mama, huenda ni lile jiwe lililomchukua." Alikuwa anataka kujua jambo hilo moja tu, na hakumficha mtu. Kama ni jiwe, basi hakuna aliyejua, si yeye, si serikali, ni Mungu tu na mawe yake.

Vipimo vyenyewe vilikuwa vikopo vya plastiki vyeusi vyenye kifuniko, ndani yake kuna kijipande kidogo cha plastiki kama ukucha. Kazi yote inafanywa na hicho kijipande. Unaweka kikopo chumbani, unakiacha hapo miezi mitatu, unakirudisha, kinakwenda maabara. Maneno hayakukosekana. Wengine walisema wanapima dhahabu, na nyumba itakayokutwa juu ya dhahabu, mwenyewe atahamishwa. Bwana Afya alizunguka na baiskeli kuzima maneno hayo, anafoka, anabembeleza, mpaka vikopo vyote vikapata nyumba. Kimoja alikiweka kwake, kwenye kile chumba cha jiwe, juu ya sanduku la marehemu. Aliwaambia wanawake wasivisogeze. Aliwaambia wasivifungue watoto wakachezea. Aliwaambia wasivifunike kwa nguo. Nadhani aliwaambia kila kitu isipokuwa kile ambacho hakikumpitia kichwani.

Karanga tulizozipanda zilikomaa, tukazing'oa, na siku ya kurudisha vikopo ikafika. Watu wa mradi waliweka meza mbele ya ofisi ya kijiji. Wanawake wakaja wamejifunga khanga safi, vikopo wamevibeba kwenye vikapu. Vinang'aa. Vimesuguliwa kwa mchanga na sabuni, vimeanikwa kichanjani vikakauka vizuri, na kila kimoja kimejaa. Kuna cha karanga, kuna cha choroko, kuna cha dagaa walioondolewa vichwa. Bibi mmoja ameweka michembe, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikajaa hadi kifuniko kikakataa kufunga.

Dada wa Kihaya alifungua cha kwanza, akafungua cha pili. "Kile kijipande cha ndani kiko wapi?"

"Kiuchafu kile?" mama yangu akamjibu. "Nilikitoa, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Bwana Afya alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mmeosha! Nani kawaambia muoshe?"

"Wewe!" wanawake wakamjibu karibu wote pamoja, na mama akasonga mbele. "Miaka yote wewe. Kila chombo kinachoingia uani kioshwe na kianikwe. Leo tumeosha, unatugombeza?"

"Na karanga je? Karanga nazo niliwafundisha mimi?"

"Ebo! Nirudishe chombo cha mgeni kitupu? Mimi nimelelewa porini?"

Yule dada alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Kisha akaviangalia vile vikopo vyote mezani, miezi yake mitatu, akaacha kucheka. Aliuliza kwa upole, "Sasa nipeleke karanga maabara?"

Bwana Afya alimgeukia mama yangu, taratibu. "Mama. Na changu?"

"Nacho nimekiosha," alisema mama. "Kilikuwa na vumbi juu ya sanduku. Ningekiachaje, na wewe huna mtu?" Alikuwa amekijaza karanga kubwa kubwa, akazichagua moja moja. Bwana Afya alikipokea kwa mikono yote miwili. Alisema "Wabeja, mama," yaani asante, kwa Kisukuma, akaenda kukaa peke yake nyuma ya ofisi, na mama alilia njia nzima kurudi nyumbani bila kuelewa kosa lake.

Mradi ulikuwa umebakiza vikopo vichache. Yule dada akasema watajaribu mara nyingine, kwa nyumba zilizo chini kabisa ya majabali. Cha mama kilikuwemo, na cha Bwana Afya. Safari hii alipita kila nyumba akiapisha watu. Usioshe. Usifungue. Usitie kitu. Wanawake walikubali kwa uso wa mtu anayelazimishwa kwenda kanisani bila kunawa. Siku ilipofika waliviacha vikopo mezani na vumbi lake, wakiona aibu, na pembeni ya kila kikopo wakaweka kifurushi cha karanga kilichofungwa kwenye kitambaa. Gari la mradi liliondoka limejaa vifurushi mpaka mguuni kwa dereva.

Majibu yalikuja kiangazi. Yule dada alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu, hakutaka kuyasoma mkutanoni. Kwa mama yalikuwa juu. Alimwambia azibe nyufa za sakafu, apasue dirisha upande wa pili ili hewa ipite, alale madirisha wazi. Kesho yake asubuhi Bwana Afya alikuwa kwetu na nyundo na tindo, anapasua ukuta kwa mikono yake. Alipasua kwa mama, akapasua kwa jirani, akazunguka na kazi hiyo mpaka mvua zilipoanza. Mama alikuwa akilalamika usiku kucha. "Nipone jiwe, nife kwa mbu?" Lakini alilala na dirisha wazi, na chandarua nikamnunulia.

Na la Bwana Afya? Tulimwuliza, si mara moja. Alisema kikopo chake kiliharibika, panya alikiangusha kutoka juu ya sanduku akala kile kijipande. Mama akasikitika. Mimi nikaona ajabu kidogo, panya gani anaacha mbegu za karanga akala plastiki, ila nilikuwa na shida zangu mjini na sikulifuata.

Mara ya mwisho niliyokaa na Bwana Afya ni miaka ile ya mwisho ya tisini. Nilikuja kumwona mama, naye akanipa bakuli la michembe ya kuchemsha nimpelekee. Nilimkuta ameketi kibarazani, amekwisha, mikono imekuwa mirefu.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, mwanangu. Mama mzima? Choo chenu kinafunikwa?"

"Kinafunikwa."

Madirisha yote yalikuwa wazi. Misumari ilikuwa imeng'olewa, mashimo yake yakabaki kwenye mbao. Alikula michembe kidogo kwa heshima yangu, kisha akaingia ndani kutafuta kitu cha kunirudishia kwenye bakuli. Alitoka amebeba kikopo cheusi, kimejaa karanga. Nilidhani ni kile cha mara ya kwanza, alichokiosha mama yangu. Lakini hicho kilikuwa palepale kibarazani kwenye kigoda, amekitia chumvi.

Nilikitazama kikopo kile. Kilikuwa kizima, kisafi, kifuniko chake hakina hata mkwaruzo.

"Si ulisema panya?" nilimwuliza.

Hakukasirika. Alikaa chini, akakiweka kikopo magotini.

"Nilikiosha," alisema. "Siku moja kabla ya kwenda kuvirudisha. Nilikiosha kwa sabuni, nikakianika, nikakijaza karanga kutoka kwenye zile mbegu zake."

"Kwa nini, baba? Wewe uliyekuwa unataka kujua kuliko mtu yeyote?"

"Mara ya kwanza nilitaka kujua, ndiyo. Nilikuwa naliomba lile jiwe liwe na hatia, nami nipumzike. Mama yako akakiosha, nikapewa miezi mingine mitatu, na hiyo ndiyo miezi niliyofikiri." Alikigeuza kikopo magotini. "Nikaona hivi. Kikisoma juu, ni chumba nilichomjengea mimi, na madirisha nikayapigilia misumari kwa mkono wangu huu. Kikisoma chini, basi ni sigara zangu. Wewe, mwanangu, ungenichagulia lipi?"

Niliona huruma na niliona hasira, vyote kwa pamoja, na sikujua hasira ni ya nani. Nilitaka kumwambia kwamba mambo yote mawili yangeweza kuwa kweli kwa pamoja, lakini nikamwona usoni kwamba hilo nalo alishalifikiri siku nyingi.

Alimimina karanga zote kwenye bakuli langu, akakung'uta ya mwisho. "Nenda nazo. Ukirudi na chombo kitupu mama yako atanisema kijiji kizima."

Nilimshukuru, nikashika njia. Nilipofika kwenye jabali la njia panda niligeuka kumpungia mkono, hakuniona. Alikuwa ameinama kwenye beseni uani, anakisugua kile kikopo kwa mchanga na sabuni, ndani na nje. Alikisuuza, akakiinua juani akakitazama, akakirudisha majini akaanza upya.